Mwaka wa Kupiga Radio Bila Filamu

Mwezi uliopita Riziki alinipigia simu kutoka mjini Baraka, akasema ana kitu anataka tukitazame pamoja, mchana, kwenye mwanga, na nisije na mtu. Nilitoka Uvira asubuhi, nikakaa juu ya magunia ya chumvi katika lori, nikafika nikiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake, amejifunga kitenge kikamzunguka mara mbili, yeye ambaye zamani kitenge kilikuwa hakimtoshi. "We Feza, umezeeka vibaya," akaniambia hata kabla ya kunisalimia. "Na we umekonda vibaya," nikamjibu, tukacheka, maana ndivyo tulivyochokozana tangu usichana wetu. Juu ya kitanda chake kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Alikuwa ametoka Bujumbura, kwenye skana, ile mashine inayompiga mtu picha vipande vipande, kana kwamba imemkata toka kifuani mpaka kiunoni bila kisu. Bahasha hakuwa ameipeleka kwa daktari bado. "Docta atangojea," akasema. "Sisi njo tutaangalia ya kwanza. Ao hatukusomea?"

Tulisomea. Ila hakuna karatasi inayosema hivyo, na siku hizi usiposemwa na karatasi hujasoma. Hata watoto wangu hawajui kwamba mama yao, muuza samaki wa chumvi wa soko la Uvira, aliwahi kuvaa koti jeupe na kusimama nyuma ya kioo cha mashine. Ulikuwa mwaka mmoja tu, vita ikiwa imeshazoeleka kiasi kwamba watu walipanga harusi kwa kuuliza kwanza risasi zimelia upande gani. Mimi na Riziki tulikuwa wanafunzi wa radio katika hospitali moja ya Baraka. Radio ndilo jina letu la eksirei; ile ya kusikiliza habari nayo ni radio, na hakuna aliyewahi kuzichanganya. Wanafunzi tulikuwa wawili, mwalimu mmoja, mashine moja, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hatukuwa na filamu.

Mwalimu wetu aliitwa Asende. Alikuwa mtu wa Fizi, mrefu, mwenye koti lililofuliwa mpaka mifuko ikaachia, na alitembea ameinama kidogo kama mtu aliyezoea milango mifupi. Alikuwa amesomea Kinshasa, na huko Kinshasa aliiona skana kwa macho yake. Aliiona toka mlangoni, hawakumruhusu aingie. Lakini ule mlango ulimkaa moyoni, na kila asubuhi kabla ya somo alitusomesha njia ya kuufikia, nasi tukaiitikia kama ubeti wa kanisani. Kwanza mwaka wa mazoezi Baraka. Kisha juri ya Bukavu, wanaume wenye miwani wanaotazama picha ulizopiga kwa mkono wako mwenyewe, na ukiwashinda wanakupa brevet, cheti cha kuonyesha umefuzu. Kwa brevet unaingia chuo cha ufundi wa tiba. Ukimaliza chuo unapiga radio popote katika nchi, na ukiwa umeipiga miaka ya kutosha, ndipo unafundishwa skana. "Hii njia ni murefu," alikuwa akisema, "lakini haina kona." Mimi niliamini. Nilikuwa najiona tayari, niko Kinshasa, nimevaa viatu vya kufunga, naingia ule mlango ambao yeye aliishia kizingitini.

Chumba cha radio kilikuwa mwisho wa korido, dirisha moja likitazama ziwa, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa ubao mwembamba uliokitenga na chumba cha giza, kile tulichosafishia picha. Mashine ilikuwa ya rangi ya kijani, imetuzidi umri sote wawili. Moteri yake ilitaka mafuta, na askari waliokaa mjini nao walitaka mafuta, basi ikawa inakunywa nadra kuliko mlevi aliyeokoka. Filamu zilikuwa zinakuja kwa boti kutoka Uvira, na boti zilikuwa zimeanza kuogopa. Filamu zikabaki chache, wakapigwa radio waliovunjika vibaya tu, mwisho ikabaki moja. Mwalimu alilifunga sanduku lake kwa plastiki, akaliweka juu ya rafu. "Hii ni ya juri," akasema. "Hata rais akivunjika muguu, isiguswe."

Kwa hiyo tulijifunza bila filamu. Mgonjwa alikuja, tukamlaza, tukampanga, tukatafuta mifupa yake kwa vidole, tukaisogeza taa, tukamwambia avute pumzi na kuishika. Kisha hatukubonyeza kitu. Tukamwambia apumue, ashuke, na mmoja wetu akachukua mkaa akachora ukutani picha ambayo ingetoka. Baada ya miezi kadhaa ukuta ule ulijaa mbavu na magoti na vichwa, na bamama waliokuwa wakingoja kwenye korido wakichungulia walisema, "Hii batoto banachora bantu ba kufa ku ukuta, beko naroga nani?" Mwalimu alicheka nao. Ajabu ni kwamba wagonjwa wengine, hata tulipowaeleza kwamba hakuna filamu, walisisitiza walale juu ya meza hivyo hivyo, na waliondoka wakisema wamepata nafuu.

Mwalimu alikuwa na sheria moja, na ukiivunja alikutoa nje. Ukiletewa picha, usiseme neno juu ya ugonjwa kabla hujaisema picha yenyewe. Mgonjwa amelala sawa? Ametikisika? Pumzi ameishika? Kulia ni wapi? "Kwanza picha, kisha ugonjwa," alisema, maana mtu anaweza kuona jipu kwenye pafu kumbe ni mgonjwa aliyekohoa. Riziki alikuwa na haraka, na alitolewa nje mara nyingi. Alikaa kwenye ngazi akinitolea ulimi kupitia dirishani.

Skana alitufundisha kwa papai. Nyuma ya hospitali kulikuwa na mpapai, na tunda lilipoiva alilileta mezani, akalilaza kama mgonjwa, kikonyo ndicho kichwa, akalikata duara kwa duara. Kila kipande ni picha moja, alisema. Mbegu zilizo kwenye kipande hiki uzitafute kwenye kinachofuata, ujue zimeanzia wapi na zimeishia wapi. Na ukitazama picha ya skana, jifanye umesimama miguuni pa mgonjwa ukimtazama kuelekea kichwani, kwa hiyo ini lake, lililo kulia kwake, wewe utaliona kushoto. "Simama miguuni," alikuwa akitupigia kelele, "njo hutapotea." Hukuruhusiwa kula kipande mpaka ukitaje kiko wapi mwilini. Tulikitaja haraka, maana chakula chetu cha siku kilikuwa bukari, ugali wetu wa muhogo, na sombe la majani yake lisilo na mawese, na ndagaa tukiwa na bahati. Wakati wa Ramadhani Riziki alifungia vipande vyake kwenye jani la mgomba asubiri kufuturu, nami mwenzake Mprotestanti nikavilinda na nzi, nikijilamba vidole nilivyovigusia. Alijua, akanisamehe mapema.

Chumba cha giza ndicho kilichotuharibia mwaka. Mtu akiwa ndani haonekani, na kwa kuwa hapakuwa na picha za kusafisha, watu walisahau kwamba tunaingia humo kuosha beseni. Mchana mmoja tulikuwa ndani, mikono kwenye maji yenye harufu ya siki, tukamsikia daktari mkuu anaingia chumba cha radio na kukaa juu ya meza. Meza ile ilikuwa inalia.

"Asende," akasema, "juri haiko tena. Ile njia ya Bukavu ilikufa. Na hata bakifika Bukavu, brevet ya kule, Kinshasa haiitambue. Inchi ilikatika mbili."

"Najua, Docta."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwaka."

"Sasa unabafundishia nini, hii batoto?"

Nilisikia tone la maji likidondoka kutoka kidole changu. Kisha Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Nikiacha, batarudia ku nyumba, bangojee nini? Ule mumoja babaye anataka kumupeleka Lulimba kulima, na njia ya Lulimba we unaijua, banaua bantu. Hapa beko na kintu ya kuamkia."

Aliyetakiwa kupelekwa Lulimba ni mimi. Njia nzima tuliyoiimba kila asubuhi, juri na chuo na Kinshasa na mlango wa skana, ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza, na sisi tulikuwa tunaitembea. Nilitaka kutoka nimtukane. Riziki akanishika mkono gizani, akaubana mpaka ukauma, akaninong'oneza sikioni: "Tusimuambie. Ye pia hana kingine ya kuamkia." Tukakaa mpaka walipoondoka. Kesho yake asubuhi Mwalimu akaanza, kwanza mwaka wa mazoezi Baraka, nasi tukaitikia mpaka mwisho, hata mlango. Nilijifunza siku ile kwamba watu watatu wanaweza kudanganyana kwa heshima na kazi ikaendelea. Na kazi ilikuwa nzuri zaidi kuliko kabla, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa haikuwa na mahali pa kwenda.

Kiangazi kilipoanza, Mwalimu alikwenda Swima kutafuta mafuta kwa wenye boti, akatuachia funguo na dumu moja lenye mafuta kidogo chini. Siku hiyo hiyo wapiganaji wa milimani walimshusha mwenzao kwenye machela ya matete. Risasi ilikuwa imemwingia chini ya mbavu za kulia na haikutoka. Mtu mzima, ana mvi ndevuni, uso umekuwa wa rangi ya majivu, na kifuani amevaa kamba za dawa zao za kukinga risasi. Aliyetangulia mbele alikuwa mzee anayezitunza dawa hizo. Daktari alisema hawezi kuweka kisu bila kujua risasi imelala wapi. Mzee akatazama chumba chetu, akatutazama sisi.

"Mwanaume eko wapi?"

"Alienda Swima," nikasema.

"Mwanamuke asimuguse. Hata nguo yake. Mwanamuke akimugusa, dawa inakufa, na ye anakufa."

Sasa, kupiga radio ni kugusa. Mgonjwa unampapasa utafute mfupa wa nyonga, ubavu wa mwisho, ndipo ujue taa iangukie wapi. Na filamu ilikuwa moja, ya juri. Nilimtazama Riziki na Riziki akatazama rafu. Tulikuwa tumeshajua miezi mingi kwamba hakuna juri. Alipanda kiti akaliteremsha lile sanduku, nami nikawasha moteri.

Wapiganaji walimweka mwenzao juu ya meza. Riziki akavuta benchi la wagonjwa karibu, akalala juu yake chali, sambamba naye, akageuza uso wakatazamana. "Papa," akamwambia, "angalia mi. Kila kitu mi nafanya, we fanya." Alinyoosha miguu, yule akanyoosha. Aliinua mkono wa kulia juu ya kichwa, yule akauinua akilia. Mimi nikainama juu ya Riziki, nikapitisha vidole vyangu chini ya mbavu zake za kulia mpaka nikaipata pembe ninayoitaka, nikapima kwa shubiri toka pale mpaka nyonga yake, kisha nikaishika ile shubiri hewani, nikaipeleka juu ya mwili wa yule mwanaume bila kumgusa, nikaiweka taa. Nilirudi kwa Riziki, nikapima tena. Mpaka leo mikono yangu inaujua ubavu ule. Kaseti yenye ile filamu niliisukuma chini ya meza. "Vuta pumuzi, Papa," Riziki akasema, akavuta yake. "Shika." Wakashika wote wawili, wanatazamana, nami nyuma ya kioo nikabonyeza.

Picha ilikuwa inaning'inia kwenye kamba inakauka Mwalimu aliporudi, jioni haijaingia, mikono mitupu, mafuta hakupata. Aliona sanduku wazi. Alinitazama mimi, akamtazama Riziki, na nikaona usoni mwake kwamba ameelewa tunajua, na kwamba tumejua siku nyingi. Aliichukua picha kwa pembe zake, akaenda nayo dirishani.

"Kwanza picha," akasema.

"Amelala sawa," nikasema. "Kulia iko pahali pake. Pumuzi aliishika."

"Hakutikisika," akasema Riziki.

"Hakutikisika," Mwalimu akasema. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani akaifuta kwa mfuko wa koti. "Basi mumeshinda. Bote mbili." Alisema vile alivyotufundisha kwamba juri husema, amesimama wima, na kwa mara ya kwanza sikumwona ameinama. Tulilia kama wapumbavu. Kisha tukasema ugonjwa, maana sheria ni sheria: risasi ilikuwa imeegemea uti wa mgongo, mahali ambapo daktari wetu, kwa vifaa alivyokuwa navyo, hakuweza kuifikia. Daktari aliitazama akatikisa kichwa. Mzee akadai picha, kwa kuwa ni mwili wa mtu wake na haiwezi kulala kwenye nyumba ya wanawake. Waliondoka nayo, imekunjwa juu ya machela. Tulisikia baadaye kwamba mtu wao hakufika mlimani. Dawa yake haikuguswa na mwanamke, hilo naapa.

Ungefikiri baada ya pale tungesema ukweli. Hatukusema. Asubuhi iliyofuata Mwalimu alikusanya vyeti vyetu vya shule na picha zetu ndogo, akavaa kaptula ya safari, akasema anakwenda Uvira, na toka Uvira Bukavu, kutuombea siku ya juri. Alijua hakuna. Alijua tunajua. Tulimsindikiza mpaka ufukweni na bukari iliyofungwa kwenye jani, na Riziki akamwambia, "Mwalimu, ubasalimie bale ba miwani." Akacheka, akaingia kwenye boti lililojaa watu na mafungu ya mihogo. Boti lile halikufika Uvira. Wengine walisema lilipigwa, wengine walisema lilizidiwa na mizigo upande wa Ubwari. Hakuna aliyerudi wa kutuambia. Nina hasira naye mpaka leo. Ningemshika koti, nikamwambia kaa, Mwalimu, sisi kingine cha kuamkia tutakitafuta, angeishi akazeeka. Lakini mtu aliyekuita mshindi jana yake, unamnyang'anyaje safari?

Baada ya wiki chache Baraka ilikimbia, nasi tukakimbia nayo, tukavuka ziwa mpaka kambini Tanzania. Hospitali ya kambi ilikuwa na radio. Nilikwenda nikawaeleza najua kupanga mgonjwa, hata bila kumgusa, na mwanamume mpole aliyekuwa pale akaniuliza brevet. Amani iliporudi nikauliza Uvira, wakaniuliza brevet. Nikauliza chuo, wakasema mwaka wa mazoezi utambuliwe na aliyekufundisha, aje athibitishe. Niliacha kuuliza. Nilianza samaki. Riziki akaanza vitenge, hapo hapo Baraka, akazaa, akafiwa na mume, akanenepa, na sasa akakonda.

Aliniambia kwamba kijana wa skana huko Bujumbura alikuwa mzuri. Alikuwa na cheti chake kimetundikwa ukutani katika kioo, koti safi, sauti ya upole: mama vuta pumzi, mama shika. "Mi nilimuambia, we mutoto, hii mi najua," akasema. Nilimwonea wivu yule kijana kwa uchungu ambao sikuutegemea umri huu. Nilitamani niwe mimi niliyesimama nyuma ya kioo kile.

Riziki akaitoa picha kwenye bahasha. Karatasi moja kubwa nyeusi, miraba mingi ndani yake, kila mraba kipande chake kimoja. Tukaenda nayo dirishani, tukaishika kila mtu upande wake.

"Tusimame miguuni," akasema.

Tukasimama miguuni. Nilianza juu, kwenye moyo, nikashuka kipande kwa kipande. Nilipofika kwenye ini, kushoto kwa picha, kulia kwake, chini ya ule ubavu niliokuwa nimeupima kwa shubiri, nikayaona madoa. Yalikuwa mengi, meusi, yamejaa toka kipande hiki mpaka kile, mpaka cha mwisho, kama mbegu ndani ya papai. Kidole cha Riziki nacho kilikuwa kinashuka. Kilifika pale, kikasimama, kikaendelea. Kuku walikuwa wanagombana uani. Nilijua ameona, naye alijua nimeona. Tulifundishwa na mtu mmoja.

"Kwanza picha," akanikumbusha.

"Amelala sawa," nikasema. "Kulia iko pahali pake."

"Pumuzi aliishika?"

"Aliishika."

"Na hakutikisika," akasema. "Angalia muzuri, Feza. Hata kidogo hakutikisika."

"Hakutikisika."

Nilingoja aseme kinachofuata, ugonjwa. Aliichukua picha mkononi mwangu, akairudisha kwenye bahasha taratibu, pembe kwa pembe, akaiweka chini ya mto.

"Nilishinda?" akaniuliza.

"Ulishinda."

"Basi tukule," akasema. "Bukari inapoa."